Namna ya kuwafundisha watoto wa Tanga vita vya Wafini, bila theluji na bila bunduki

Ukianza na idadi ya waliouawa, somo limeshaharibika. Kila kijana anayejiunga na klabu yetu ya historia amekwishasoma kwenye simu kwamba Simo Häyhä, mdunguaji wa Kifini (mpiga risasi wa mafichoni), aliua watu zaidi ya 500, na akishaitaja hiyo namba hataki kusikia jingine. Iache mpaka mwisho. Anza na swali ambalo simu haikumjibu: mtu amelala kwenye theluji tangu alfajiri, mbele yake kuna jeshi zima linamtafuta, mbona halimwoni?

Ubaoni andika machache. Tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliivamia Ufini, nchi ya watu wasiofika milioni 4. Vita viliisha 13 Machi 1940, baada ya siku 105. Häyhä alizaliwa mwaka 1905 huko Rautjärvi, mkulima na mwindaji, mfupi wa kimo, akapangwa kwenye mto Kollaa, kaskazini mwa ziwa Ladoga. Basi, inatosha. Funga daftari, tokeni nje.

Vifaa havina gharama: pampu ya baiskeli (mtu akikosa pampu Tanga hii, hajaitafuta), kanzu moja, darubini ya mkononi hata ile ya bei rahisi, ufagio wenye mpini mrefu, kipande cha sabuni, kamba. Bunduki usilete, hata ya mbao. Ukileta, watacheza vita na hutasikilizwa tena.

Anza na nguo, ndilo jambo jepesi. Msimamishe mmoja amevaa kanzu mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na pembeni yake mwenzake mwenye sweta la shule. Wengine warudi nyuma hadi ng'ambo ya uwanja. Nani anaonekana kwanza? Wafini walivaa mavazi meupe juu ya makoti yao. Wasovieti wengi waliingia vitani miezi ile ya kwanza na sare za rangi nzito, katika msitu uliokuwa mweupe tupu. Hapo huna haja ya kueleza sana, watakueleza wenyewe.

Kisha nenda nao Raskazone asubuhi mapema, kabla ya saa mbili, jua likiwa bado chini upande wa bahari. Mfiche mmoja kwenye vichaka na darubini machoni, aelekee juani. Wenzake wasimame kwenye mchanga, jua likiwapiga mgongoni, wamtafute. Kile kioo kitamsaliti. Kinamemeta hata akiwa ametulia kabisa. Sasa anyang'anywe darubini, wamtafute upya. Häyhä alikuwa mdunguaji asiyetumia darubini juu ya bunduki yake. Alilenga kwa vyuma vya kulengea vilivyo juu ya mtutu, basi. Kioo humeta juani na hushika ukungu kwenye baridi.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda. Mlaze mwanafunzi nyuma ya gogo la mnazi, alaze mpini wa ufagio juu ya gogo na alenge kwa kuufuata mpini wenyewe. Wenzake waliosimama mbele waseme wanaona nini. Kisha funga kipande cha sabuni juu ya mpini, mwambie achungulie juu ya sabuni, kana kwamba ndiyo darubini. Kichwa kitapanda vidole vitatu hivi, na paji la uso lote litakuwa wazi. Vidole vitatu tu, lakini anayekulenga wewe hahitaji zaidi. Kila mtoto alale chini ajaribu mwenyewe, hata kama sare itachafuka na mama zao watanuna.

Baada ya hapo ni pampu. Mimina mchanga mkavu chini, weka mdomo wa pampu karibu, sukuma kwa nguvu. Vumbi juu. Nyunyiza maji, gandamiza kwa kiganja, sukuma tena. Kimya. Risasi ikitoka, upepo wa mtutu huitimua theluji laini, na wingu lile jeupe huonyesha mpigaji alipo. Häyhä aliigandamiza theluji ya mbele yake iwe ngumu. Pampu inafundisha haya kwa dakika mbili vizuri zaidi kuliko mimi kwa kipindi kizima.

Baridi ndiyo kazi. Kwetu mtu anatoa sweta Julai na kulalamika. Mimi huwapeleka kwa mama mmoja muuza samaki mwenye chumba cha kuhifadhia barafu, jirani na soko la Deep Sea. “Shikamoo mama.” “Marahaba, mwalimu. Leo hao wako wamekuja kununua au kushangaa?” Ukiwa na muuzaji wa namna hiyo, mtunze. Waingie wawili wawili, wapumue, waone mvuke wa pumzi zao, wengi kwa mara ya kwanza. Kisha mpe kila mmoja kipande cha barafu ya maji ya kunywa (si ile ya samaki, tafadhali), aweke mdomoni, apumue tena. Mvuke unapungua. Häyhä aliweka theluji mdomoni kwa sababu hiyo hiyo. Friza ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Majira yale yalifika nyuzi 40 chini ya sifuri.

Bunduki yenyewe ipe dakika chache. Ilikuwa M/28-30, toleo la Kifini la Mosin-Nagant, bunduki ya Kirusi ya mwaka 1891. Ufini ilikuwa chini ya Urusi mpaka 1917, na ilipojitenga ilibaki na bunduki hizo nyingi, ikazitengeneza upya kwa mitutu bora. Faida yake ni kwamba risasi zilizotekwa kwa adui ziliingia humo humo.

Hapo ndipo uwarudishe nyumbani. Mkitoka Raskazone kupitia Bombo kuelekea stesheni ya reli, mnatembea katika uwanja wa mapigano ya Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walishusha watu kama 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotawala hapa, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na sehemu kubwa ililetwa kwa treni kutoka Moshi. Wengi wa askari hao walishika bunduki za mtindo wa 1871 zinazotoa moshi mzito kila zinapofyatuliwa. Waulize: Häyhä angefanya nini na bunduki ya namna hiyo? Waingereza waliondoka wakaacha mamia ya bunduki za kisasa na bunduki za rashasha 16, nazo zikawafaa wapinzani wao. Hadithi ya nyuki waliowavamia askari katikati ya mapigano isimulie, ila isimeze somo. Watoto wakishasikia nyuki basi tena.

Mwanafunzi mmoja lazima atasema Tanga ilikuwa Ufini yetu. Usimwachie hilo lipite. Häyhä alikuwa akilinda nchi yake. Askari wale walipigana upande wa mkoloni mmoja dhidi ya mwingine, na Tanga haikuwa yao siku aliposhinda yeyote.

Sasa leta ile namba. Sema kwamba zaidi ya 500 ndiyo inayotajwa, kwamba wanahistoria hawakubaliani juu yake, na kwamba tarehe 6 Machi 1940 risasi ilimvunja taya, akapata fahamu siku vita vilipoisha. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 96.

Malizia na ramani mbili, ya 1939 na ya leo, waitafute Kollaa. Mstari wa Kollaa haukuvunjwa hadi siku ya mwisho, lakini leo mto huo uko Urusi. Watauliza imekuwaje, na hapo mkataba wa Moscow, uliomaliza vita vile, unataka kipindi chake peke yake, wiki ijayo.