Namna ya Kuandika Tamthilia ya Jenerali Anayepanga Uvamizi: Mfano wa Normandy, 1944

Mwandishi wa tamthilia ya televisheni kuhusu jenerali anayepanga uvamizi mkubwa hushawishika kukimbilia ufukweni, kwenye moshi na milipuko. Ajizuie. Uamuzi mzito wa jenerali hufanyika kabla askari wa kwanza hajakanyaga mchanga, kwa hiyo hadithi yake imo chumbani, ambamo watu wachache wenye taarifa pungufu hubishana na saa zinawaishia.

Bana muda. Maandalizi ya uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, yalichukua miezi mingi, lakini siku chache za mwanzo wa Juni 1944 katika jumba la Southwick, karibu na Portsmouth, Uingereza, zinatosha kubeba tamthilia nzima. Dwight Eisenhower, jenerali Mmarekani aliyeongoza majeshi ya Washirika, alikusudia kuvamia Juni 5, bahari ikachafuka, akaahirisha. Eleza mapema, kwa mazungumzo mafupi, kwa nini hakuweza kungoja apendavyo: askari wa miamvuli walihitaji mbalamwezi, mashua zilihitaji maji yawe yamekupwa baada ya mapambazuko ili vizuizi vya Wajerumani vionekane, na nafasi nyingine ya maji ya namna hiyo ilikuwa takriban majuma mawili mbele. Mtazamaji akishalielewa hilo, taarifa ya mtabiri wa hali ya hewa James Stagg kwamba Juni 6 kutakuwa na utulivu wa muda mfupi itamshika kuliko mlipuko wowote.

Kila anayempinga jenerali apewe hoja yenye uzito. Leigh-Mallory, mkuu wa vikosi vya anga, aliamini kwamba askari wa miamvuli wa Marekani wangeangamia kwa wingi. Ukimfanya mwoga, umemwondolea Eisenhower mzigo wake, kwa sababu hofu ile ilikuwa ya busara kwa yeyote aliyezitazama ramani. Montgomery, jenerali Mwingereza aliyeongoza vikosi vya nchi kavu, kwa upande wake alitaka waende, na pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia uhai wa watu. Siku ya uvamizi walitua askari wapatao 156,000.

Tafuta pia kitu kidogo kinachoonyesha moyo wa mtu. Eisenhower aliandaa taarifa ya kutangazwa iwapo uvamizi ungeshindwa. Alifuta maneno yaliyosema kwamba askari wameondolewa, akaandika kwamba yeye ndiye aliyewaondoa, kisha akajitwika lawama yote peke yake. Hata tarehe aliikosea, akaandika Julai badala ya Juni. Kamera iukaribie mkono na kalamu, na asiwepo mtu wa kueleza maana yake, kwani ufafanuzi wowote utaipunguzia nguvu.

Rasimu ikikamilika, isome upya ukitafuta kosa moja tu: mhusika anayezungumza kana kwamba anajua vita vitakwishaje. Kila sentensi ambayo isingeweza kutamkwa usiku ule, hata ikiwa nzuri kiasi gani, ifutwe.