Somo: Jinsi seva inavyogawa hesabu kwa watu isiowajua, na inavyomgundua aliyekosea

Jambo yenu wote, wanachama. Wiki iliyopita, hapa kwenye meza yangu ya kutengeneza kompyuta Nyawera, watu watatu tofauti waliniuliza swali lilelile: ukimpa mtu usiyemjua hesabu akaifanye nyumbani kwake, utajuaje kama hakukudanganya? Ni swali zuri. Miradi yote ya hesabu za kujitolea, yaani watu kuwaazima wanasayansi kompyuta zao za nyumbani, imejengwa juu yake, na ukilielewa jibu hutashangaa tena kwa nini kazi yako imeandikwa "inasubiri" siku nenda siku rudi, au kwa nini mashini yako imenyimwa kazi.

Sisi wa Bukavu tukisikia neno "sambaza" tunawaza samaki wadogo wa ziwani kwanza, hesabu baadaye. Basi tuanze na samaki. Mwenye mitumbwi anakaa Kadutu. Usiku wavuvi wamewasha taa ziwani, alfajiri wanarudi na sambaza, naye hayupo ufukweni. Anamtuma kijana akapime. Kijana anarudi na jibu: kilo 83. Ni kweli? Hana njia ya kujua. Angekuwa na njia asingemtuma mtu. Shikeni picha hiyo, tutairudia.

Hatua ya 1: Kazi inakatwa vipande

Mradi uliowafanya watu wengi waijue kazi hii ni SETI@home, ulioanza Mei 1999 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ulitafuta dalili za viumbe wenye akili kwenye mawimbi yaliyonaswa na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico. Rekodi ndefu ilikatwa vipande vya sekunde 107, kila kimoja kama kilobaiti 340. Kipande hiki hakimhitaji mwenzake, kwa hiyo mtu wa Brazil na mtu wa Japani walifanya kazi bila kungojeana.

Si kila hesabu inakatika hivyo. Folding@home, inayoiga jinsi protini zinavyojikunja, kipande chake cha leo kinaanzia pale cha jana kilipoishia. Ukichelewa wewe, foleni yote nyuma yako imesimama. Ndiyo maana wanatoa pointi za ziada kwa anayerudisha haraka, na ndiyo maana mimi siupendekezi kwa mtu wa mtaa ambao umeme wake ni wa bahati.

Hatua ya 2: Mashini yako ndiyo inayobisha hodi

Miradi mingi inatumia programu moja ya bure inayoitwa BOINC, iliyotoka hukohuko Berkeley. Ukishaiweka na kuchagua mradi, seva, yaani kompyuta kuu ya mradi, haikutafuti. Mashini yako ndiyo inayokwenda kuomba, ikijieleza: prosesa yangu ni hii, RAM kiasi hiki, diski imebaki nafasi hii, naomba kazi ya saa kadhaa.

Kuna jambo jingine inalolisema, na kwetu ni kubwa: ni sehemu gani ya siku huwa imewaka. BOINC inalirekodi yenyewe, huna haja ya kulijaza. Tuseme kwenu umeme unapatikana saa 6 kwa siku na kipande kinahitaji saa 20 za prosesa. Seva inapiga hesabu: siku 3 na ushee. Kama tarehe ya mwisho iko siku 14 mbele, unapewa. Kama iko siku 2 mbele, hupewi. Watu huniambia "seva imetubagua sisi Wakongo". Haijui hata kama uko Kongo au Ubelgiji katika hesabu hiyo; inajua tu kwamba hutawahi.

Pamoja na data inakuja programu ya kuhesabia, na hiyo ina sahihi ya kidijitali ya mradi. BOINC inaikagua sahihi kabla ya kuiendesha. Wenye miradi wanashauriwa ufunguo wa kutia sahihi wauweke kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti kabisa, ili hata mwizi akiiteka seva asiweze kuwatumia watu programu yake mbaya.

Hatua ya 3: Funga mlango wa mega kabla ya kupokea kazi

Ingia kwenye mipangilio. Weka kikomo cha mega, yaani data ya intaneti, kwa idadi ya siku unayotaka. Kipo, wengi hawakioni. Zuia kazi wakati mashini iko kwenye betri. Punguza prosesa iwe nusu kama feni yako inapiga kelele. Na omba kazi ya siku moja tu, usijaze ghala. Mtu anayechukua vipande 40 halafu umeme ukakatika wiki nzima anawachelewesha watu 40 wengine. Kwa nini watu wengine? Hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Wapimaji wawili wasiojuana

Turudi ufukweni. Mwenye mitumbwi anatuma kijana wa pili, kutoka mtaa mwingine, bila kumwambia habari za wa kwanza. Akirudi na kilo 83, tajiri analala usingizi. Akirudi na 61, hana haja ya kubishana na yeyote: anamtuma wa tatu.

Seva inafanya hivyohivyo. Kila kipande kinatolewa nakala, mara nyingi mbili, kwa watu wawili. Mradi umepanga akidi, yaani majibu mangapi yanayokubaliana yanatosha. Akidi ikitimia, programu ya uhakiki inayalinganisha. Yakipatana, moja linachukuliwa kuwa jibu rasmi na wote wawili wanapata pointi. Yasipopatana, au mmoja akipitisha tarehe ya mwisho, nakala nyingine inatengenezwa na kupewa mtu mwingine. Kuna pia kikomo: kipande kikiharibikia watu wengi mno, seva inakiacha, maana huenda ubovu uko kwenye kipande chenyewe.

Kuna sharti ambalo tajiri yeyote wa samaki angelielewa: wapimaji wasiwe ndugu. Mradi unaweza kuamuru nakala mbili za kipande kimoja zisiende kwenye akaunti moja, hata kama una mashini kumi.

Sasa mizani. Mizani mbili za sokoni hazitoi gramu zilezile, na hakuna aliyeiba. Prosesa nazo ziko hivyo: namba zenye desimali zinakatwa mwishoni, na prosesa mbili au mifumo miwili inaweza kutofautiana kwenye tarakimu ya 15. Kwa hiyo mhakiki wa miradi mingi haulizi "ni sawasawa?" bali "zimekaribiana kiasi cha kutosha?" Lakini kwenye hesabu za hali ya hewa au za molekuli, tofauti hiyo ndogo inazaa kubwa kila hatua, mpaka mwishoni majibu mawili ya kweli hayafanani hata kidogo. Hapo wanatumia ujanja mwingine: nakala ya pili inapelekwa kwenye mashini ya aina ileile, prosesa ya kampuni ileile na mfumo uleule, ndipo majibu yalinganishwe tarakimu kwa tarakimu. Mimi naona huu ndio ujanja mzuri kuliko yote katika kazi hii.

Mtasema kurudia kila kitu mara mbili ni kutupa nusu ya nguvu. Ni kweli. Kwa hiyo BOINC ina njia ya kumpunguzia ukaguzi aliyejionyesha. Inahesabu majibu yako sahihi mfululizo. Yakiwa mengi, vipande vyako vingine vinapokelewa bila mwenzako, na ukaguzi unabaki wa kushtukiza, ukipungua kadiri unavyozidi kuaminika. Kijana aliyepima vizuri alfajiri mia hafuatwi kila alfajiri, ila hajui ni lini atafuatwa.

Kurudia kuna faida nyingine msiyoitarajia. Mwaka 2010 mradi wa Einstein@Home ulitangaza pulsa mpya, yaani nyota inayozunguka na kutuma mapigo ya redio, PSR J2007+2722. Sifa ya ugunduzi ilikwenda pande mbili: Chris na Helen Colvin wa Ames, Iowa, na Daniel Gebhardt wa Mainz, Ujerumani. Kompyuta zao ndizo zilizokuwa wapimaji wawili.

Hatua ya 5: Kupima mara moja na kuacha stakabadhi

GIMPS, mradi ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, unatafuta namba tasa kubwa za umbo la 2 kwa kipeo p, toa 1. Kipande kimoja kinaweza kuchukua wiki kwenye mashini ya kawaida. Zamani kila namba ilijaribiwa na watu wawili, kila mmoja akianzia mahali tofauti ili kasoro ya programu isiwape wote jibu baya lilelile. Kilicholinganishwa ni biti 64 za mwisho za baki, yaani namba inayobaki mwishoni mwa jaribio. Walikuta majaribio kama 1 au 2 kwa 100 yana makosa, na sababu kubwa ni mashini zenyewe: joto, RAM mbovu.

Tangu 2020 kuna njia nyingine. Mashini yako inapohesabu inaweka kumbukumbu za njiani, na mwishoni inatengeneza faili la uthibitisho. Mtu mwingine analikagua kwa hesabu ndogo mno. Kwenye mpangilio mmoja ni kama sehemu 1 ya 256 ya kazi uliyofanya. Wiki za kurudia zimefutwa. Shida kwetu ni kwamba faili hilo linaweza kupita mega 100, nawe ndiwe unayelipandisha. Hesabu pesa zako kwanza.

Na hata hivyo, namba ikionekana kuwa tasa hawaridhiki na faili. Ile iliyopatikana na Luke Durant, yenye tarakimu 41,024,320, ilitokea kwenye mashini iliyoko Dublin tarehe 11 Oktoba 2024. Kesho yake mashini nyingine huko San Antonio, Texas, ikaithibitisha kwa jaribio la aina nyingine.

Hatua ya 6: Pointi, na usafi

Jibu rasmi linahamishiwa kwenye hifadhidata ya wanasayansi, mafaili ya zamani yanafutwa, pointi zinaandikwa. Pointi hazinunui hata mkate.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Ibanda: Yaya, nikifungua akaunti mbili, nikapokea nakala zote mbili mwenyewe, si nitajihakiki?

Umewaza kama mwizi mwenye akili, ndugu. Kwenye kanuni, ndiyo. Ila vipande ni maelfu na waombaji ni maelfu, huchagui upewe kipi. Ili nakala mbili za kipande kimoja zikukute unahitaji bahati kubwa, na utakachoshinda ni pointi, ambazo nimeshakuambia thamani yake. Hata hivyo walikuwepo: SETI@home ya mwanzo ilipata watu walioichezea programu ili waonekane wamefanya kazi nyingi.

Mama mmoja, Panzi: Kijana wangu anasema hii ni kama bitcoin, inaleta dola. Nimpe pesa za kujiandikisha?

Hapana, mama, usitoe hata franka. Miradi hii hailipi na haidai ada. GIMPS inatoa dola 3,000 kwa anayegundua namba tasa mpya, na taasisi ya EFF imeweka dola 150,000 kwa ya kwanza yenye tarakimu milioni 100, lakini hiyo ni bahati nasibu, haikai kwenye bajeti ya nyumba. Anayeomba pesa za kujiandikisha ni tapeli. Umwambie kijana apite kwangu tuongee.

Mwanachama, Bagira: Umeme ukikatika kipande kikiwa asilimia 80, naanza upya?

Programu nyingi zinahifadhi hali yake kila baada ya muda. Umeme ukirudi inaendelea kutoka mahali ilipohifadhi mwisho. Kama unapoteza saa nzima kila mara, mradi huo unahifadhi kwa nadra, uache uchague mwingine.

Fundi mwenzangu, Kadutu: Mashini ikishaaminiwa, halafu RAM ikafa, si itapitisha uongo?

Itapitisha kidogo, mpaka ukaguzi wa kushtukiza uikamate. Hapo hesabu ya uaminifu inarudi sifuri na kila jibu lake linafuatwa upya. Mimi lilinipata. Nilinunua mashini iliyotumika Ulaya, muuzaji akaapa ni nzima, na programu zilifunguka vizuri, filamu zikacheza. Vipande vitano mfululizo vikarudi "batili". Nikabadilisha kijiti kimoja cha RAM, ubatili ukaisha. Prime95, programu ya GIMPS, mafundi wanaitumia kupimia mashini kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 2016 ndiyo iliyofichua kasoro kwenye prosesa za Intel za aina ya Skylake. Wewe pia itumie kabla hujamkabidhi mteja.

Mwanachama, Ibanda: Na simu?

BOINC ipo kwa Android. Kwa mpangilio wake wa kawaida inafanya kazi simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi tu. Simu ya zamani iliyopasuka kioo inafaa. Ya kazini kwako, hapana.

Mwanachama mpya, Kadutu: Aksanti kwa somo, yaya. Kazi yangu ya Einstein@Home imemalizika siku 9 zilizopita na bado "inasubiri". Nimekosea wapi?

Hujakosea. Bonyeza namba ya kipande, utaona namba ya mashini ya mwenzako na tarehe yake ya mwisho. Nimetazama picha uliyotuma: yeye alipokea siku moja na ile uliyorudisha wewe, na amepewa siku 14, kwa hiyo amebakiwa na 5. Asiporudisha, atapewa mtu wa tatu na siku zitaanza kuhesabiwa upya. Usikifute kipande na usizime akaunti. Jibu lako liko kwa seva tayari, hata mashini ikilala.