Leo wa 4, kesho wa 18: usiguse tovuti yako kabla hujaangalia haya

Shemeji yangu ana karakana ya fanicha Keko, mimi ndo namuangalizia tovuti. Juzi kanipigia asubuhi, "shem tumeshuka Google!" Akitafuta "vitanda vya mninga" yeye anajiona wa 9, mimi niko Sinza namuona wa 4, na mdogo wake Mwanza hamuoni kabisa. Na wote watatu wako sahihi, maana Google haina namba moja ya kila mtu, inaangalia uko wapi, unatumia simu au kompyuta, lugha gani, na kidogo ulivyowahi kutafuta. Inkognito, lile dirisha la siri la kivinjari, inaficha historia yako tu, mahali ulipo bado panajulikana.

Kwahiyo acha kujitafuta mwenyewe kila saa. Ingia Search Console, zana ya Google inayomuonesha mwenye tovuti anavyoonekana kwenye utafutaji, ni bure, fungua ripoti ya utendaji na uwashe nafasi ya wastani. Ila hilo neno wastani ndo linawatia watu presha bure, ngoja nioneshe. Tuseme wiki iliyopita ulionekana mara 20, zote nafasi ya 3, wastani 3. Wiki hii umeonekana tena mara 20 nafasi ya 3, halafu ukaanza kuonekana na mikoani mara 20 nafasi ya 33. Wastani unakuwa 18! Hujashuka popote, umeongeza watu, lakini grafu inaonekana kama umeanguka. Ndo maana usiisome nafasi peke yake, iweke pamoja na idadi ya mara ulizoonekana na klik.

Mwezi Septemba 2025 ilitokea kinyume chake, Google iliondoa ile njia ya kufungua majibu 100 kwenye ukurasa mmoja, roboti za kupima nafasi, ambazo huenda zilikuwa zinahesabika kama watu wanaotafuta, zikawa hazifiki tena kule chini, na wengi wakaona kuonekana kumeshuka huku nafasi imepanda bila kugusa kitu.

Sasa chuja. Chagua nchi, kisha simu peke yake, linganisha siku 28 za mwisho na 28 zilizotangulia (mji huwezi kuchuja humo), na siku mbili za mwisho usizitilie maanani, data yake bado haijatulia. Halafu angalia Kiswahili chetu, "kitanda cha mninga" na "vitanda vya mninga" zinahesabiwa mbali mbali, na kila moja inaweza kuwa na nafasi yake, kwahiyo angalia zote kabla hujalia.

Hatua ambayo wengi wanairuka ni hii: bonyeza neno lenyewe, kisha nenda kwenye kurasa. Kwa shemeji nikakuta kurasa mbili, moja ya bei na moja ya picha, zinapokezana kwa neno hilo hilo, leo hii kesho ile, kila moja na nafasi yake. Hapo kuyumba kulikuwa kwa kweli. Nikahamisha picha zote kwenye ukurasa wa bei, ule mwingine nikauelekeza huko kwa 301 (yaani anayeufungua anapelekwa moja kwa moja kwenye ule wa bei), nikarekebisha na linki za ndani, zile za kutoka ukurasa mmoja wa tovuti kwenda mwingine.

Kama kwako ukurasa ni mmoja na klik zimeshuka kweli, angalia kama Google wanafanya masasisho makubwa ya jinsi wanavyopanga majibu, yale ya Machi 2024 yalichukua siku 45. Yakiwa yanaendelea subiri yaishe, ipe wiki moja zaidi, ndo ulinganishe tena.