Swing: rangi ya nyuma ikigoma

Wadau wa Tanga mnaoandika programu za stoo na maduka ya Ngamiani kwa Java na Swing (maktaba yake ya kutengeneza madirisha): rangi ya nyuma ya JLabel (lebo ya maandishi) ikikataa kutokea, tatizo si rangi. JLabel kwa kawaida haipaki nyuma yake kabisa. Ongeza lebo.setOpaque(true), imeisha hiyo.

Dirisha nalo, JFrame imefunikwa yote na paneli yake ya ndani, kwa hiyo paka hiyo: fremu.getContentPane().setBackground(Color.WHITE).

Kwenye jedwali la bidhaa ndiko watu wanakeshea. Ile kijivu inayobaki chini ya mistari si ya JTable (jedwali lenyewe), ni ya JScrollPane (kibebeo cha kusogeza kinachoizunguka); andika jedwali.setFillsViewportHeight(true). Halafu unataka bidhaa iliyoisha tu iwe nyekundu, mara jedwali zima linawaka! Sababu: renderer (kipande kinachochora visanduku) ni moja, inatumika kwa visanduku vyote, na ile nyekundu inaikumbuka. Kwenye renderer yako inayorithi DefaultTableCellRenderer, baada ya kuita super.getTableCellRendererComponent, weka if ya nyekundu na else inayorudisha jedwali.getBackground(). Zote mbili ziwe ndani ya if (!isSelected), la sivyo mteja akibofya mstari hataona umechaguliwa.