Usiiwashe kama jiko: pampu ya joto kwa sisi tuliohamia Maine

Kazi ya AC nilianzia Gerezani, Dar es Salaam, kijana wa kubeba mtungi wa gesi nyuma ya fundi mkuu. Miaka kumi nilipigana na joto. Sasa naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, ambako mwezi wa kwanza pumzi inageuka barafu kwenye sharubu kabla hujafika kituo cha basi, na mkate wangu bado unatoka kwenye mashine ile ile. Tofauti ni kwamba huku naitaka ilete joto ndani badala ya kulitoa, na jina lake huku ni pampu ya joto.

Baridi ikianza simu haitulii. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali waliokulia Dadaab na Kakuma, wote wimbo mmoja: "Kaka, njoo, hii mashine imekufa." Nikifika, mara nyingi naikuta nzima kabisa. Imetumiwa kama jiko, na yenyewe si jiko.

Maine inaongoza Marekani yote kwa sehemu ya nyumba zinazopashwa joto kwa mafuta, na mafuta yakipanda bei kila mtu anaumia. Mwaka 2019 serikali ya jimbo ilijiwekea lengo la kufunga pampu za joto 100,000 kufikia 2025, na likafikiwa mapema, mwaka 2023. Ndiyo maana lile sanduku jeupe ukutani umelikuta kwenye nyumba uliyopanga, bila mtu yeyote kukuelekeza namna ya kulitumia.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Weka mkono ubavuni au nyuma ya friji yako. Ule uvuguvugu ni joto lililotolewa kwenye maziwa na mboga zilizo ndani. AC ya Dar inafanya vivyo hivyo kwa chumba: inachota joto la ndani, inalitema nje. Pampu ya joto ina vali inayogeuza njia ya gesi, kwa hiyo uani ndiko kunakochotwa joto, na sebuleni ndiko linakotemwa. Hapo wazee huniuliza: joto gani hilo la kuchota, na nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri? Swali la haki. Gesi ya R-32 iliyomo kwenye mashine nyingi mpya huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri, kwa kanieneo ya kawaida ya hewa. Kwa gesi hiyo, uani wa Lewiston ni wa moto. Inachemka, inageuka mvuke, kompresa inaukandamiza mpaka uwe na joto kali, unaingia ndani ya nyumba, unatema joto lake na kurudi tena nje.

Kwa kuwa joto linahamishwa tu, halitengenezwi, yuniti moja ya umeme inaweza kukuletea yuniti tatu za joto siku ya baridi ya kawaida, na karibu mbili siku ya baridi kali. Ile hita ndogo ya waya mwekundu mnayoificha chumbani kwa watoto inakupa yuniti moja ya joto kwa yuniti moja ya umeme, haizidi hapo. Ukiwasha hita tatu za namna ile kisha ukailaumu pampu kwa bili, umeionea.

Sasa rimoti. Mama mmoja wa Uvira aliniita majira yake ya kwanza ya baridi, watoto wamekaa sebuleni na makoti na kofia. Mashine inapuliza, joto hakuna. Nikachukua rimoti. "Mama, ulibonyeza alama gani?" "Si hii ya theluji, mwanangu? Si nje kuna theluji?" Sikuweza kucheka mbele yake, na kwa kweli hoja yake ilikuwa na mantiki kuliko ya waliochora rimoti. Alama ya theluji maana yake ni kupoza. Chumba kilikuwa baridi tayari, kompresa haikuwa na sababu ya kuwaka, feni ikawa inazungusha baridi ile ile usiku kucha.

Unachotaka ni jua. Jua ni joto. Tone la maji ni la kukausha unyevu, liache mpaka Julai. Neno "auto" nalo liepuke wakati wa baridi: mchana wa Machi jua likiingia dirishani mashine inaweza kuona chumba kimezidi joto ikaanza kupoza, halafu usiku igeuke tena. Na kama kifaa kimoja cha nje kinahudumia vyumba viwili, mmoja akiweka jua na mwingine theluji, chumba kimoja kitakaa bila kitu, maana gesi haiwezi kwenda njia mbili kwa pamoja. Nimeamua ugomvi wa ndugu wawili kwa jambo hilo.

Namba za rimoti huku ni za Farenhaiti. 70 ni kama nyuzi 21 tulizozoea. Kumbuka kipima joto cha mashine mara nyingi kimo ndani ya lile sanduku, juu karibu na dari, na hewa ya joto hupanda huko. Mashine itasema 70 wakati wewe kwenye kochi unahisi 66. Usibishane nayo, panda mpaka 72 au 73 na uone. Ila usiende 86 ukidhani nyumba itapata joto upesi. Utakachopata ni kompresa inayokimbia kwa nguvu zote, na mashine hizi hula umeme kidogo zinapotembea, si zinapokimbia. Feni iache ijipangie kasi yenyewe. Yale mabawa ya kuelekeza hewa yashushe yatazame sakafu.

Kisha lile kosa kubwa, langu pia mwaka wa kwanza. Sisi tumelelewa na jiko: unawasha saa ya kupika, ukimaliza unaufukia mkaa na majivu ili usiteketee bure. Kwa hiyo asubuhi tukienda kazini tunazima pampu, jioni tunawasha. Ubahili mzuri, mahali pabaya. Saa kumi na mbili jioni unakuta kuta zimepoa, kochi limepoa, hata sufuria kabatini zimepoa, na vyote hivyo lazima virudishiwe joto saa ambayo nje baridi inazidi. Mashine inakimbia mpaka usiku wa manane na bado unatetemeka. Mwezi niliouacha ule mtindo, bili yangu ilishuka, na nyumba ikakaa na joto moja asubuhi mpaka usiku. Weka namba moja, iache. Ukitaka kupunguza wakati wa kulala, nyuzi mbili au tatu za Farenhaiti zinatosha.

Usafi wa filta nitauzungumza kwa urefu, kwa sababu ndiko wateja wangu wengi wanakoanguka, na sababu yenyewe ni tamu: tunakaanga. Samaki, sambusa, maandazi, ndizi. Mvuke wa mafuta unapanda, unafika kwenye filta, unakutana na vumbi na nyuzi za zulia, vinaumana kuwa kitu kama ugali wa kijivu. Hewa haipiti, joto halitoki, kompresa inahangaika. Maelekezo ya watengenezaji hayakumfikiria mtu anayekaanga chapati thelathini kila Ijumaa. Kwa nyumba ya namna hiyo osha filta kila wiki mbili. Asiyekaanga sana, mara moja kwa mwezi.

Zima kwa rimoti, subiri mabawa yajifunge, inua mfuniko wa mbele kwa mikono miwili. Utaona vyandarua viwili vya plastiki, ndizo filta zenyewe, vivute taratibu. Maji yawe ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, na yapitishe kutoka upande wa nyuma, ili vumbi lisukumwe litoke kulikoingilia. Kung'uta, anika kivulini ndani ya nyumba. Usivikaushe kwa mashine ya nywele wala juu ya redieta, vitapinda na havitaingia tena. Na usiiwashe mashine bila filta hata kwa saa moja, maana uchafu utakwenda moja kwa moja kwenye mapezi ya aluminiamu yaliyo nyuma. Mapezi hayo ni laini kama karatasi na yanakata vidole. Mwachie fundi.

Hapo hapo, chukua tochi ya simu, mulika kwenye mdomo hewa inakotokea. Ukiona madoadoa meusi kwenye feni ya ndani, huo ni ukungu. Dawa za kopo za kupulizia zinazouzwa madukani sizipendi: zinasukuma uchafu ndani zaidi na zinaweza kulowesha bodi ya umeme. Fundi anakuja na mfuko mkubwa wa plastiki wa kukinga maji, anaosha feni na koili, yaani yale mabomba yenye mapezi ambamo gesi hupita, vizuri. Kila mwaka au miaka miwili hivi yafaa, kutegemea jikoni kwako. Kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, si wa mdomo tu.

Tuingie uani. Kifaa cha nje changu mwenyewe kilifungwa na watu niliowaamini, nikiwa bado sijapata leseni ya huku. Walikiweka chini, inchi chache juu ya ardhi, sawasawa na mahali paa linapomwaga maji. Februari theluji ya paani ikayeyuka, ikadondoka juu ya kifaa, ikaganda usiku, na asubuhi feni ilipojaribu kuzunguka ikavunja panga lake moja kwa mlio ambao jirani alidhani ni gari limegonga. Tangu siku ile mteja akinipa nafasi nakifunga juu, kwenye vyuma vya ukutani au stendi ndefu, kizidi kina cha theluji ya kawaida, na mbali na mdomo wa paa. Kama chako kipo chini, kazi yako ni ufagio: kila theluji ikianguka, safisha pande zote, mbele na nyuma, hewa ipite. Usikifunike kwa turubai. Mwenye nyumba mmoja alikifunika Novemba kwa huruma, kama watu wa hapa wanavyofunika AC zao za kiangazi, na wapangaji wakakosa joto.

Bado uani, kuna jambo linalotisha watu. Mzee mmoja wa Ngozi, Burundi, alinipigia usiku: "Mashine inaungua, moshi unatoka!" Ulikuwa mvuke. Koili ya nje inapochota joto, unyevu wa hewa unaigandia. Kila baada ya muda, nusu saa au saa moja na nusu kutegemea hali ya hewa, mashine inageuza gesi kwa dakika chache ili iyeyushe barafu hiyo. Feni ya ndani inasimama, utasikia mlio wa gesi ikigeuka kama mtu anayepumua kwa nguvu, maji yanadondoka, mvuke unapaa. Kisha inaendelea. Usiizime katikati. Maji yale yakiganda kwenye njia yako ya kupita, mwaga mchanga au chumvi ya barafu, maana hapo ndipo watu wanapovunjika mikono.

Pa kuhofu ni barafu nene iliyoziba koili nzima na haiondoki siku nzima. Zima, piga simu. Usichokonoe kwa bisibisi. Nimeona matundu ya bisibisi, na kila tundu lilikuwa mwisho wa koili. Maji yanayochemka nayo hapana, yataganda chini na kukushikia kila kitu.

Kuhusu gesi. Nyumbani tulizoea kila mwaka fundi "anaongeza gesi kidogo". Nami niliongeza, Mungu anisamehe. Gesi si petroli, haiishi kwa kutumika. Ikipungua imevuja, na dawa ni kutafuta panapovuja. Huku Marekani anayegusa gesi hiyo lazima awe na cheti cha mamlaka ya mazingira, EPA, kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe. Na R-32 inaweza kushika moto, ingawa kwa shida, kwa hiyo binamu yako mwenye vifaa kwenye buti la gari asiifungue.

Kama nyumba ina boila ya zamani ya mafuta, usiiuze. Ilikuwa inapasha joto besimenti, chumba cha chini ya nyumba, bila wewe kujua. Pampu ya juu ikichukua kazi yote, besimenti inapoa na mabomba ya maji yanaweza kuganda na kupasuka. Siku za baridi kali washa boila saa chache.

Umeme ukikatika, pampu inalala. Hapo naomba mnisikilize: msiingize jiko la mkaa ndani, wala jenereta, hata kwenye gereji yenye mlango wazi. Gesi ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksidi, haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Kusanyikeni chumba kimoja, mablanketi, na mkishindwa nendeni kwa jirani. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, mashine inaweza kukaa kimya kwa muda ikipasha mafuta ya kompresa kabla ya kuanza. Ipe nafasi.

Ikikataa kabisa, kabla hujanipigia angalia betri za rimoti, kisha breka kwenye sanduku la umeme, kisha filta. Kama kwenye sanduku jeupe kuna taa inapepesa, hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kutulia, au bora zaidi piga video ya nusu dakika unitumie. Kwa hesabu hiyo mara nyingi najua kifaa gani nibebe, na utalipia safari moja badala ya mbili.