Chakula na Mazoezi kwa Mgonjwa wa Huntington
Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole na kuvuruga mwendo na umezaji, na ambao kila mtoto wa mzazi aliye nao ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi, hauponywi kwa chakula wala mazoezi, lakini vyote viwili humsaidia mgonjwa kutunza nguvu zake. Kwa kuwa hukonda hata akila vizuri, apewe milo midogo mitano au sita kwa siku, na uji wake uongezwe maziwa, parachichi au siagi ya karanga. Uji mzito, kwa bahati nzuri, mara nyingi humezeka kwa usalama kuliko maji, ambayo humpalia upesi. Aketi wima anapokula, redio ikiwa imezimwa ili asipoteze umakini. Kutembea kwa kasi mara tatu kwa wiki kuanze mapema, kabla miguu haijayumba. Akianza kuanguka, baiskeli ya mazoezi isiyosogea inafaa zaidi. Anayepaliwa mara kwa mara apelekwe hospitali.