Namna ya Kuitazama Sanamu ya Gattamelata Mjini Padova

Anza kwa mbali kidogo, katika uwanja wa Piazza del Santo mjini Padova, Italia, ili uone jinsi mchongaji Donatello, aliyeikamilisha sanamu hii ya shaba nyeusi mwaka 1453, alivyomketisha Erasmo da Narni, jemadari wa Venezia aliyejulikana kama Gattamelata, akiwa ameshika fimbo ya amri juu ya farasi mnene anayetembea taratibu. Kisha sogea uangalie ukwato wa mbele ulioinuliwa: umeegemezwa juu ya tufe, kwa kuwa kuuacha uzito wote ubebwe na miguu mitatu kulikuwa na hatari. Usihesabu miguu ya farasi iliyoinuliwa ili kubashiri jemadari alivyokufa. Imani kwamba idadi yake huonyesha namna mpanda farasi alivyokufa, ingawa imeenea mno, si ya kutegemewa. Hatimaye zunguka kitako kirefu cha mawe, utafute milango miwili isiyopitika, mmoja ukiwa umechongwa kana kwamba umeachwa wazi kidogo.